Mkamwana Anayeiandika Upya Programu ya Baba Mkwe

Ukimuuliza jirani mkata vioo, atakwambia mambo yalikuwa hivi: Jumamosi moja asubuhi, mzee wa nyumba ya pili alibeba godoro lake begani, akalibwaga nje ya geti, akaapa mbele ya watu kwamba halali tena chini ya paa moja na muuaji. Muuaji mwenyewe ni mkamwana wake. Na silaha aliyotumia, anasema mkata vioo, ni kompyuta.

"Nilikuwa hapa hapa, nimeshika kioo cha watu," anasema. "Mzee analia, mkamwana analia, godoro liko kwenye vumbi. Nikapitiliza kipimo, kioo kikaharibika. Hadi leo sijui nimdai nani."

Mkamwana akisimuliwa habari hizo huziba mdomo kwa kiganja, maana baba mkwe yuko chumba cha pili na masikio yake bado mazima. Godoro lilitolewa kuanikwa kwa sababu mjukuu alilala kwa babu yake na kukapambazuka limelowa. Aliyelia ni mjukuu. Na kioo kiliharibika kwa sababu mkata vioo alikuwa anatazama ya watu.

"Ila hilo la kumuua," anaongeza kwa sauti ya chini, "hapo hakutia chumvi nyingi."

Asubuhi, kabla mashine hazijaanza kunguruma, mkamwana huyu anafungua mlango wa chumba kilichokuwa stoo ya sabuni katika kiwanda cha kufulia nguo. Sabuni ilihamishwa zamani, lakini harufu yake ilikataa kuhama. Ndani mna meza moja na kompyuta mbili. Ya kulia ni mpya, nyembamba. Ya kushoto ina mgongo mkubwa kama sanduku la safari, na rangi yake iliyokuwa nyeupe sasa ni ya meno ya mvuta sigara.

Anaiwasha ya kushoto kwanza. Inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena. Yeye anasubiri, mkono mmoja juu yake, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Ikiwaka, nashukuru," anasema. "Maana haina vipuri. Fundi wa kompyuta akija, anaizunguka tu, anatikisa kichwa, anaomba maji ya kunywa, anaondoka."

Ndani ya kompyuta hiyo inaishi programu inayoendesha kiwanda kizima. Shuka za nyumba za wageni, mashati ya shule, ovaroli za mafundi magari, mapazia, taulo: kila kitu kinachoingia hupewa namba, na ile programu ndiyo inayosema kiende mashine gani, kwa joto gani, kitoke lini, kilale rafu ipi. Iliandikwa na baba mkwe enzi zake za ufundi mitambo kiwandani hapo, kwa Pascal, lugha ya kompyuta aliyojifundisha mwenyewe kwa kitabu kilichokuwa kimenyofoka kurasa za mwisho.

"Ndiyo maana programu yangu haina mwisho," mzee hupenda kusema.

Kazi ya mkamwana ni kuiandika upya yote kwa Python, lugha ya siku hizi, inayokubali kukaa kwenye kompyuta yoyote. Mkuu wa kiwanda, mwanamke wa makamo ambaye wote wanamwita Madam, alimpa mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka huo unaishia mwisho wa mwezi huu. Programu mpya ikikubalika, ataajiriwa moja kwa moja. Isipokubalika, atarudi kaunta kupokea mafurushi, alikoanzia.

Huko kaunta ndiko baba mkwe alikomtoa. Alikuwa mchumba tu wa kijana wake wakati huo. Mzee alimwona akipanga mafurushi kwa mpangilio wake mwenyewe, akamwita kwenye stoo ya sabuni, akamkalisha mbele ya kompyuta akamwambia, "Andika hapa: moja jumlisha moja. Usiogope, haiumi." Baadaye alimsukuma aende chuo cha jioni, na mtoto wa kwanza alipozaliwa, babu ndiye aliyekuwa akimbembeleza hadi mama arudi kutoka darasani.

"Kwa hiyo ndiye aliyenifundisha ile lugha ninayoifukuza kazini," anasema mkamwana. "Sasa wewe nieleze, hapo mtu anaanzaje kula naye mezani?"

Huanza kwa shida. Mzee amestaafu, lakini kila jioni, mkamwana akiweka mabakuli, yeye hukunja gazeti na kuuliza kwa upole mkubwa, "Enhe mwanangu. Leo umenifikisha wapi? Bado nina miguu?"

"Bado unayo, Baba."

"Na kesho?"

"Kesho naanza rafu."

"Basi kesho ni mgongo," husema mzee, na kujipakulia.

Mume wa mkamwana ni fundi majokofu, mtu wa maneno machache, na katika vita hii amechagua upande wa chakula. "Nikisema neno la kumtetea mke wangu, baba ananuna. Nikimtetea baba, mke ananuna," anaeleza. "Nikila, hakuna anayenuna."

Swali ambalo watu humuuliza mkamwana mara nyingi ni lile lile analoulizwa na mkwewe, ila kwa maneno mengine. Programu inafanya kazi. Nguo zinatoka, wateja wanalipa. Ya nini kuandika upya kitu kilichokwisha kuandikwa? Mkata vioo ana namna yake ya kuliweka. "Ni kama dobi kufua nguo safi," anasema. "Anachoka bure, na nguo inachakaa."

Mkamwana hakatai. Wenzake wa chuo cha jioni, anasema, wana ugonjwa huo: ikitoka lugha mpya, wanataka kuandika upya hata kengele ya mlango. Yeye haoni faida ya kubadilisha lugha kwa sababu tu lugha imezeeka.

"Lakini hii ya kwetu, siku kompyuta ikigoma, kiwanda kinasimama. Na aliyebaki kuisoma ni baba na mimi. Baba ana miaka yake, na mimi kuna sehemu naisoma nikiwa nimefumba jicho moja." Anacheka. "Tena kazi yenyewe haina sifa. Nimefanya kazi mwaka mzima ili asitokee mtu wa kuona tofauti. Nikifaulu, hakuna atakayejua nilifanya nini."

Kwa bahati mbaya, tofauti ilionekana. Tena ilinuswa.

Katika programu ya zamani kuna mahali ambapo kazi husimama. Shuka zikishapita kwenye rola kubwa za kunyoosha, mpiga pasi huandika namba ya furushi kwenye kioo na kibodi vilivyounganishwa na ile kompyuta ya stoo, na badala ya kutoa lebo ya kufungashia, kompyuta huleta maneno haya: SUBIRI. MASHINE INAFIKIRI. Inafikiri kwa muda wa kutosha mtu kunywa chai, na kwa kuwa muda unatosha, wapiga pasi huinywa. Pale kiwandani msemo huo umeshakuwa lugha. Mtu akichelewa kazini, wenzake humwambia msimamizi, "Mwache, mashine inafikiri."

Mkamwana alidhani ni uzee wa kompyuta. Aliposoma mistari yenyewe alikuta kwamba mashine haifikiri chochote. Ilikuwa imeamriwa ihesabu hadi namba kubwa mno, halafu isahau ilichohesabu. Pembeni, mkwewe alikuwa ameandika neno moja: USIGUSE.

"Nilicheka peke yangu," anakumbuka. "Nikasema, baba naye, ameona aibu kuandika kwamba amekosea."

Akaiacha mistari hiyo nje. Programu mpya ilipojaribiwa kwenye mstari mmoja wa rola, lebo ilitoka kabla mpiga pasi hajainua kidole. Madam alisimama pale na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu bei ya sabuni ipande. Shuka zilifungwa kwenye nailoni zikiwa za moto, zikapakiwa, zikaenda.

Siku chache baadaye mwenye nyumba ya wageni alikuja na furushi mwenyewe, akaliweka juu ya kaunta, akafungua fundo.

"Nusa," alimwambia Madam.

Madam akanusa. Akamwita mhasibu, naye akanusa. Akaitwa dereva atoe maoni ya tatu. Dereva ndiye aliyethubutu.

"Mbwa," alisema. "Aliyenyeshewa."

"Mgeni wangu aliniambia hivyo hivyo," alisema mwenye nyumba ya wageni. "Akataka kujua mbwa mwenyewe amelala chumba gani."

Shuka ya moto ikifungwa kwenye nailoni hutoa jasho, na jasho likikaa huvunda. Muda ule wa mashine kufikiri ndio uliokuwa muda wa shuka kupoa. Madam alimwita mkamwana ofisini, akafunga mlango, akamwambia kwa utulivu ambao ulimtisha kuliko kelele: "Mimi sijui Pascal wala Python. Mimi najua kunusa. Mwisho wa mwezi uko pale. Nikisikia harufu hii tena, tunabaki na ya mzee hadi itakapojifia."

Nyumbani habari zilikuwa zimeshatangulia. Mzee alikuwa amevaa shati la kutokea, na hakuwa na safari.

"Shuka lazima ipumue," alianza, kabla mkamwana hajavua viatu. "Nililiona hilo zamani. Unafikiri niliandika USIGUSE kwa kupenda herufi?"

Alisema hivyo mezani, akasema tena asubuhi, akatoka kwenda kumweleza mkata vioo, ambaye naye alilieneza mtaani likiwa limeongezewa mbwa wa kweli. Kichwa cha mzee kilivimba hadi mwanawe, fundi majokofu, akavunja kiapo chake cha kula tu.

"Baba, shuka hazina mapafu," alisema. "Weka feni pale, zinapoa kabla hujapiga chafya."

Mzee alimtazama kama anayejaribu kukumbuka kijana huyo ni wa nani.

Kwa mkamwana, maneno ya feni yalifungua tatizo jingine. Kama ni kupoa tu, feni ingetosha, na mkwe mwenyewe, fundi mitambo, angelijua hilo. Kwa nini basi aliiambia mashine isubiri? Na USIGUSE hiyo haikuwa peke yake. Programu nzima ilikuwa imetapakaa USIGUSE, kama ukuta uliobandikwa mabango. Yeyote kati yake angeweza kuwa mbwa mwingine.

Akamfuata mkwewe sebuleni, akapiga magoti karibu na kiti. "Baba, nisaidie. Hizi nyingine uliziweka za nini? Tuzipitie pamoja, moja moja."

"Mwanangu," mzee alisema, "mtu anakuja kukuvunjia nyumba, halafu anakuomba umshikie taa?"

Akafungua gazeti. Lilikuwa la juzi.

Ndipo mkamwana akaamua kuuliza kwingine. Mpiga pasi mkongwe kuliko wote pale kiwandani anaitwa Mama Pasi, mama mnene mwenye mikono ya mwanandondi na sauti ya msichana. Mkamwana alikwenda kusimama mezani kwake wakati mashine inafikiri, akamweleza habari ya shuka na mapafu.

Mama Pasi aliweka kikombe chini. Mabega yalianza kutikisika, kisha tumbo, hadi akalazimika kushika ukingo wa meza.

"Zipumue shuka?" alisema alipopata pumzi. "Dada yangu, aliyetaka kupumua ni mimi."

Alikuwa na ujauzito wa mtoto wake wa kwanza, akasimulia, na miguu imemuumuka kama mkate. Mwenye kiwanda wa wakati huo, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mkono wa birika hata kwa viti: aliamini mtu akikaa amemwibia. Wapiga pasi walisimama kutwa.

"Nikamwendea Fundi, huyo mkweo. Nikamwambia, kaka, wewe ndiye unayeongea na hiyo mashine. Iambie ituonee huruma. Akajikuna kichwa tu. Kesho yake mashine ikaanza kufikiri."

"Na mwenye kiwanda?"

"Alikuja, akasoma kwenye kioo cha kompyuta, akarudi nyuma kwa adabu. Mtu akisema tupumzike, anafukuzwa. Mashine ikisema isubiriwe, bosi mwenyewe ananong'ona. Alikuwa anapita hapa kwa ncha za vidole asije akaikatiza."

Wapiga pasi wote wa zamani walilijua jambo hilo, na hakuna aliyewahi kulitoa nje. Wapya hawakuuliza. Kupoa kwa shuka kulikuwa bahati iliyopanda gari la watu.

Mkamwana alirudi kwenye stoo ya sabuni akakaa. Sasa alikuwa na siri ambayo ingeweza kumharibia kazi kwa pande zote. Akimwambia Madam ukweli wote, feni itanunuliwa na chai itakwisha. Akiirudisha ile hesabu ya uongo bila kusema, programu mpya itakuwa na bango lake la USIGUSE, na siku moja mtu mwingine atacheka peke yake na kulifuta.

Alikwenda kwa Madam.

"Nilimwambia hivi," anakumbuka. "Shuka zinahitaji kupoa, na watu wanahitaji kukaa. Ya kwanza inawezekana kwa feni. Ya pili, feni haisaidii. Nataka niandike muda huo kwenye programu waziwazi, na sababu zake zote mbili pembeni, kwa jina la chai."

Madam alizungusha kalamu kwa muda mrefu. Halafu akauliza kitu ambacho mkamwana hakukitarajia. "Na hiyo mpya, itaandika bado kwamba inafikiri?"

"Ukitaka, Madam, itaandika."

"Maana mimi saa hiyo ndiyo ninayompigia mama yangu simu," alisema Madam, akitazama dirishani. "Akiniuliza kama ananisumbua kazini, namwambia hapana mama, mashine inafikiri."

Muda ukarudi. Shuka za majaribio zimekwenda kwa mwenye nyumba ya wageni mara kadhaa na hazijarudi, na dereva, ambaye sasa amejipa cheo cha mnusaji mkuu, hunusa kila furushi kabla ya kulipakia, hata ovaroli za gereji, ambazo hakuna aliyeomba zinuswe.

Lililobaki lilikuwa nyumbani. Jioni ile ile aliyotoka kwa Madam, mkamwana hakusubiri kuulizwa kuhusu miguu. "Baba," alisema, "Mama Pasi anakusalimu. Anasema mtoto aliyekuwa tumboni ameshaoa."

Mzee alikunja gazeti taratibu. Fundi majokofu aliacha hata kutafuna.

"Mama Pasi ana domo," mzee alisema hatimaye.

"Amelishika miaka yote hiyo, Baba."

Lakini baada ya kula, badala ya kwenda kusikiliza redio, alivuta kiti karibu na kompyuta ya mkamwana na kuvaa miwani. "Haya. Leta hizo USIGUSE."

Tangu jioni hiyo wamekuwa wakizipitia. Moja iliwekwa kwa sababu maji yalikuwa yakikatika kila Alhamisi. "Siku hizi yanakatika siku yoyote," alisema mzee, "itoe." Nyingine ililinda mashine ya kufulia iliyouzwa chuma chakavu kabla mkamwana hajaolewa. Nyingine ilipeleka mapazia ya ukumbi mmoja rafu ya chini, kwa kuwa mpangaji rafu wa wakati huo alikuwa mfupi na hakutaka watu wajue anaomba ngazi.

"Na hii?" mkamwana aliuliza, akionyesha mistari iliyosokotana kama uzi uliochezewa na paka.

Mzee aliisogelea. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Hiyo sijui," alisema. "Niliiandika nikiwa na haraka, ikafanya kazi. Nikaogopa kuigusa."

Mkamwana anasema huo ndio usiku alioacha kujiuliza kama mwaka wake ulikuwa wa bure. "Kama tungeiacha vile vile, tungekuwa tunalinda maji ya Alhamisi na mashine iliyokufa. Na kama ningeifuta tu na kuanza na yangu, ningemnyima Mama Pasi chai bila hata kumjua. Faida ya kuandika upya nimeiona kwenye kuulizana. Ile Python yenyewe, hata angekuja mtu mwingine na lugha nyingine, sawa tu."

Mkata vioo amepewa maelezo hayo yote. Kwa sasa anasimulia kwamba mzee amemsamehe muuaji wake na kwamba amefanyiwa karamu.

Jumatatu ijayo kompyuta ya kushoto itazimwa. Madam amekwisha sema kazi ni ya mkamwana. Mkamwana mwenyewe ana mipango: kumfundisha kijana mmoja wa kaunta kusoma kila mstari, na kuandika sababu kando ya kila kitu, ili neno USIGUSE lisionekane tena pale. Lakini kuna jambo moja linalomkosesha raha. Tangu astaafu, baba mkwe hajawahi kurudi kiwandani, hata kupita njia ile. Na mkamwana hataki kuizima kompyuta ile kwa mkono wake.

Jumapili mchana wamekaa barazani, ungo mmoja wa maharage kati yao. Wanachambua: mazuri kwenye sufuria, mabovu chini. Watoto wamelala ndani.

"Baba," anasema mkamwana, macho yakiwa kwenye ungo. "Kesho nataka twende wote. Wewe ndiye uizime."

Mzee ameokota punje moja ya maharage, nzuri upande huu, ina doa upande ule. Anaigeuza kwenye kiganja, anaipuliza, anaigeuza tena. Mkamwana anaacha kuchambua, mikono yake imetulia juu ya ungo. Mzee bado ameishika.